Makachero Wakija Kutafuta Waraka Uliovuja: Usizuie, Usiridhie

“Hujambo Wakili. Mimi ni karani wa masjala katika idara moja ya serikali hapa Nairobi. Majuma matatu yaliyopita barua ya ndani yenye mhuri wa siri, inayohusu zabuni, ilionekana mitandaoni. Faili yake ilipita mikononi mwa watu tisa, nami nikiwa mmoja wao. Sikuivujisha. Lakini kabla ya hapo nilipiga picha ukurasa mmoja kwa simu yangu nikamtumia mkubwa wangu kwa WhatsApp, maana alikuwa safarini na aliutaka haraka. Picha hiyo bado ninayo. Juzi makachero walifika kwa mwenzetu mmoja saa mbili usiku, wakapekua nyumba nzima, wakaondoka na laptopu, simu yake, simu ya mkewe na hata tableti ya mtoto. Anasema hakuonyeshwa karatasi yoyote. Wenzangu kazini wanasema makosa ya siri za serikali hayahitaji kibali cha mahakama. Ni kweli? Nikiambiwa nitoe nywila ya simu, nikatae? Niifute ile picha? Mume wangu ni mwandishi wa habari wa kujitegemea na kompyuta yake iko nyumba hiyo hiyo, nayo itabebwa? Mchana huwa nyumbani mama mkwe na mtoto tu. Silali.”

Dada yangu, nianze na jambo ambalo likikosewa leo halirekebishiki kesho: usiifute ile picha. Usiifute, usiihamishe, usibadilishe simu, wala usimwombe mkubwa wako aifute ya kwake. Najua mkono unawasha. Lakini Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 116, inamtia hatiani mtu anayeharibu kitu kwa makusudi, huku akijua kinahitajika au huenda kikahitajika kuwa ushahidi, kusudi kisitumike. Kwa maelezo uliyonipa, pengine ulikiuka taratibu za masjala kwa kutumia simu yako binafsi, na hilo ni la nidhamu kazini. Ukifuta sasa, utakuwa umejitengenezea jinai ambayo haikuwapo. Tena fikiria picha hiyo inasema nini ikiwa pale pale ilipo: kwamba siku fulani, saa fulani, mkubwa aliomba ukurasa na karani akamtumia. Hayo ndiyo maelezo yako yote, yamejiandika yenyewe. Ukiifuta, upande wa mkubwa inabaki, na wataalamu wa polisi mara nyingi huona kwamba kitu kilikuwapo kikaondolewa. Utabaki na swali la kwa nini ulifuta baada ya barua kuvuja, na swali hilo halina jibu zuri.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe. Ukiichambua utaona ni hofu mbili zilizofungamana. Moja ni ya mlango: nani anaruhusiwa kuingia, saa ngapi, na kwa karatasi gani. Nyingine ni ya simu: ikishachukuliwa, nani anaruhusiwa kuisoma. Watu huzichanganya, na hata baadhi ya maafisa huzichanganya, ilhali sheria imezitenga.

Wenzako wanaosema makosa ya siri za serikali hayahitaji kibali wamekosea, ingawa naelewa kosa lao lilikotoka. Sheria yetu ya Siri za Serikali, Sura ya 187, ni ya mwaka 1968, na mizizi yake iko katika sheria ya Uingereza ya 1911, iliyotungwa wakati nchi ile imeshikwa na hofu ya majasusi wa Ujerumani. Sheria ile ya 1911 ilimruhusu afisa wa polisi wa cheo cha juu kutoa amri ya maandishi ya kupekua bila kupitia kwa hakimu, akiona kuna dharura kubwa. Lugha ya sheria za aina hii ni pana na adhabu zake ni nzito. Hapa kwetu baadhi ya makosa hufikia kifungo cha miaka 14. Kwa miaka mingi, ukisikia siri za serikali zinatafutwa, ulijua mlango wako hauna komeo.

Lakini tuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya kutopekuliwa mwilini, nyumbani wala katika mali yake, kutochukuliwa vitu vyake, na kutoingiliwa mawasiliano yake. Kifungu cha 2 kinasema sheria yoyote inayogongana na Katiba ni batili kwa kadiri inavyogongana nayo, na Sheria ya Siri za Serikali haikusamehewa. Mhuri wa siri juu ya barua unaeleza jinsi barua hiyo inavyopaswa kutunzwa na nani anafaa kuisoma. Haumpi afisa ufunguo wa nyumba yako. Nisikudanganye kwa upande wa pili, hata hivyo: faragha haimo katika zile haki chache ambazo Katiba imekataza kabisa ziwekewe mipaka. Inaweza kupunguzwa, mradi ipunguzwe kwa mujibu wa sheria, kwa sababu ya maana na kwa kiasi kinachohitajika. Kibali ndiyo njia ya kawaida ya kupima hayo.

Kibali huzaliwa hivi. Kwa mujibu wa kifungu cha 118 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, afisa hufika mbele ya hakimu na kiapo. Hueleza kosa linalochunguzwa, kitu kinachotafutwa, na kwa nini anaamini kitu hicho kiko mahali fulani. Ombi husikilizwa kwa upande mmoja. Wewe huitwi, kwa sababu ukiitwa utajua wanakuja. Hakimu akiridhika, anatia sahihi. Na kwa kuwa hukupata nafasi ya kusema neno, maneno yaliyo kwenye karatasi ile ndiyo kinga yako pekee. Kwa hiyo isome, hata kama mikono inatetemeka. Tazama mahakama iliyotoa na sahihi ya hakimu. Tazama mahali palipotajwa: kibali cha nyumba nambari 12 hakipekui nambari 14, wala gari la jirani. Tazama vitu vinavyotafutwa, na tazama kosa. Kibali kinachosema “nyaraka na vifaa vya mawasiliano vya fulani kuhusiana na barua ya tarehe fulani” kina ukuta. Kinachosema “chochote kitakachosaidia uchunguzi” kimeacha lango wazi, na wakili wako atataka kukishambulia.

Saa nayo ina sheria yake. Kifungu cha 119 kinasema kibali hutekelezwa siku yoyote, Jumapili ikiwamo, kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama imeruhusu ndani ya kibali chenyewe kitekelezwe saa yoyote. Saa mbili usiku Nairobi jua limezama zamani. Huyo mwenzenu, wakili wake aanze hapo: je, kulikuwa na kibali, na kama kilikuwapo, kilitaja usiku?

Kuna njia ya pili, ya kuingia bila kibali, na hii ni halali ikifuatwa inavyotakiwa. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, vifungu vya 57 na 60, inamruhusu afisa kuingia na kupekua ikiwa ana sababu za msingi za kuamini kwamba kitu kipo mahali hapo na kwamba kungoja kibali kutaudhuru uchunguzi kwa kiasi kikubwa. Sharti lake ndilo watu wengi hawalijui: chini ya kifungu cha 60, afisa huandika kwanza sababu zake na maelezo ya kitu anachokitafuta, ndipo aingie. Anapaswa kujitambulisha. Akichukua kitu, anakiorodhesha papo hapo, na bila kuchelewa kitu hicho kinapelekwa mbele ya hakimu.

Katika uchunguzi wa nyaraka zilizovuja maafisa huipenda njia hii, na sababu yao ina uzito. Karatasi huchomwa, ujumbe hufutwa kwa sekunde mbili, na anayejua anatafutwa hangoji. Ningekuwa upande wao ningewaza hivyo hivyo. Lakini pima hali yenu. Barua ilionekana majuma matatu yaliyopita, na majina ya walioshika faili yamo kwenye daftari la masjala, labda kwa mwandiko wako mwenyewe. Afisa aliyekuwa na majuma matatu ya kwenda mahakama za Milimani kuomba kibali atapata kazi ngumu kumweleza jaji kwa nini jioni ile hakuweza kungoja asubuhi.

Njia ya tatu ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu haina karatasi wala dharura. Ni ridhaa yako. Afisa anabisha hodi kwa adabu, anasema “mama, tungependa kuangalia kidogo tu, kama huna la kuficha”, nawe unafungua. Ukishafungua kwa hiari, mjadala wa kibali unakuwa mgumu mno. Nilikuwa na mteja, mzee wa Kisauni, aliyewaambia maafisa “karibuni, sina cha kuficha”. Maneno hayo manne yaliandikwa kwenye taarifa ya afisa, na hoja yetu ya kukosekana kwa kibali ikafia hapo. Alikuwa mkweli, kweli hakuwa na cha kuficha. Ila simu ilikaa kituoni miezi saba.

Usidhani ni ujinga wa watu wasiosoma. Novemba 27, 2008, polisi wa London walimkamata mbunge wa upinzani Damian Green kwa sababu ya nyaraka za Wizara ya Mambo ya Ndani zilizokuwa zikimfikia kutoka kwa mtumishi wa wizara hiyo. Walipekua makazi yake na ofisi ya jimboni, kisha wakaingia katika ofisi yake ndani ya Bunge lenyewe. Kwa Bunge hawakuwa na kibali. Walikuwa na fomu ya ridhaa iliyotiwa sahihi na afisa mkuu wa usalama wa Bunge. Siku chache baadaye Spika Michael Martin aliwaambia wabunge kwamba afisa huyo hakuelezwa na polisi kuwa anaweza kukataa, wala kuwa anaweza kudai kibali, akaagiza kwamba tangu siku hiyo hakuna ofisi ya mbunge itakayopekuliwa bila kibali, na kila kibali kipitie kwake. Aprili 2009 mkurugenzi wa mashtaka aliamua kutomshtaki yeyote. Ikiwa jengo la Bunge, lenye mawakili kila ghorofa, lilifunguliwa kwa sahihi moja ya mtu asiyejua ana haki ya kukataa, sembuse mlango wako.

Basi shika maneno haya mawili: usizuie, usiridhie. Usisimame mlangoni, usivute mkono wa mtu, usifiche kitu, usipige kelele za kuita mtaa. Kumzuia afisa ni kosa peke yake, na hata kama upekuzi ni haramu, mahali pa kuupinga ni mahakamani. Lakini pia usiseme “karibuni”. Sema, kwa sauti ya kawaida: “Afande, sikuzuii, lakini sijakubali. Naomba kuona kibali na vitambulisho vyenu vya kazi. Kama hakuna kibali, naomba iandikwe kwamba nimepinga.” Wakiendelea, waache, nawe andika: saa waliyoingia, majina na nambari za kazi, nambari ya gari, chumba kipi nani aliingia, na saa waliyotoka. Ikiwezekana jirani mmoja mtu mzima awepo kama shahidi. Ikibidi mwanamke apekuliwe mwilini, sheria inataka apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia heshima kabisa, na hilo unaweza kulidai bila kuomba radhi.

Kabla hawajaondoka kutakuwa na orodha ya vitu vilivyochukuliwa. Hapa ndipo kesi nyingi huamuliwa. Usikubali iandikwe “simu moja nyeusi”. Ziandikwe aina yake, nambari ya IMEI (ile inayoitambulisha kila simu peke yake), laini zilizomo, ikiwa imewaka au imezimwa, na ikiwa imefungwa kwa pakiti iliyotiwa muhuri. Soma kabla ya kutia sahihi. Kama kuna kitu kimeongezwa ambacho hakikutoka kwako, kiandikie pembeni kwamba hukitambui. Sahihi yako ithibitishe orodha tu. Ukikuta juu yake sentensi inayosema ulikubali kupekuliwa kwa hiari, ikate na uandike “sikukubali”, ama ukatae kutia sahihi na useme sababu.

Simu ya mke wa mwenzenu na tableti ya mtoto zinategemea karatasi. Kibali kikisema vifaa vyote vilivyomo nyumbani, vinabebwa, na vitarudi vikishakaguliwa. Kikisema vifaa vya mume, vya mke na mtoto havikuwamo. Bila kibali, afisa ataulizwa aliandika sababu gani kabla ya kuingia, na sababu hizo ziligusaje tableti ya mtoto.

Sasa nije kwenye simu na nywila, ambako sheria ni nzito zaidi na nitakwenda pole pole. Ukikamatwa, polisi wanaruhusiwa kukupekua na kuhifadhi ulichonacho, simu ikiwamo. Kuishika ni jambo moja. Kuifungua na kusoma mazungumzo yako ya miaka mitano ni jambo jingine, na kwa jambo hilo tuna kifungu cha 48 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kinachomtaka afisa aende mahakamani kuomba kibali cha kuingia katika mfumo na kuchukua data iliyomo. Msimamo wangu, ambao nimeutetea na nitaendelea kuutetea, ni kwamba kibali cha kupekua nyumba kisichotaja yaliyomo ndani ya vifaa hakitoshi kusoma simu.

Kuhusu nywila, haki mbili zinavutana. Katiba, Vifungu vya 49 na 50, inakupa haki ya kunyamaza, ya kutolazimishwa kukiri, na ya kukataa kutoa ushahidi wa kujitia hatiani. Kwa upande wa pili, kibali cha kifungu cha 48 cha ile sheria ya kompyuta kinaweza kumtaka mtu anayejua jinsi mfumo unavyolindwa atoe msaada wa kuufungua, na kumkwamisha afisa mwenye kibali ni kosa. Kwa hiyo jibu langu lina ngazi. Bila kibali, kataa kwa adabu na useme utajibu wakili wako akiwapo. Usishawishike na “ukitupa nywila utalala nyumbani leo”. Kibali cha kusoma simu kikiwapo, bado omba wakili aje kabla ya kujibu; aidha mtaipinga amri hiyo mahakamani, au mtaitii kwa masharti yaliyoandikwa. Katika hali yako, ambako ujumbe wenyewe unakutetea, huenda nikakushauri utoe, baada ya kukubaliana kwa maandishi kwamba kinachotazamwa ni mazungumzo ya kipindi fulani na mkubwa wako. Lakini huo ni uamuzi wa kufanywa mezani, umetulia, na wakili yuko kando yako. Usiufanye sebuleni saa mbili usiku.

Na hili wengi hawaliombi kwa sababu hawajui lipo: kifungu cha 49 cha ile sheria ya kompyuta kinamtaka afisa akupe orodha ya data au vifaa vilivyochukuliwa, na ukiomba, akuruhusu kuifikia au kupata nakala ya data yako, isipokuwa kama kufanya hivyo kutaharibu uchunguzi au ni kosa kwenyewe. Picha za mtoto, vyeti vya shule, namba za jamaa, ziombe kwa barua. Kompyuta ya ofisini ni hadithi nyingine kabisa. Ni mali ya mwajiri, na usitarajie kinga ya nyumbani kwenye meza ya kazi.

Mume wako. Hapa moyo wangu unauma kidogo, kwa sababu sheria yetu imempa mwandishi heshima kubwa na uzio mdogo. Uingereza, tangu sheria yao ya polisi ya 1984, nyenzo za mwandishi alizopewa kwa siri haziguswi kwa kibali cha kawaida cha hakimu. Kwa sehemu kubwa polisi hupeleka ombi kwa jaji wa ngazi ya juu, na mwandishi husikilizwa. Sisi tuna uhuru wa vyombo vya habari katika Kifungu cha 34 na tuna kanuni za maadili zilizo kwenye Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013, zinazomtaka mwandishi amlinde mtoa habari wake. Lakini ombi la kibali cha kupekua nyumba yenu litasikilizwa upande mmoja kama ombi lolote, na hakimu huenda asijue kabisa kwamba kuna mwandishi anayeishi humo. Ndiyo maana maafisa wakifika, mume wako aseme mapema, mbele ya shahidi: “Kifaa hiki ni changu, ni cha kazi ya uandishi, na kina mawasiliano ya siri na watoa habari. Kama mnakichukua, naomba kifungwe kwa muhuri kisifunguliwe hadi mahakama itoe uamuzi.” Ombi hilo halimzuii mtu kazi yake, na linampa wakili kitu cha kukimbilia nacho mahakamani asubuhi. Vivyo hivyo kwa mawasiliano yako na wakili: Sheria ya Ushahidi inayalinda, lakini afisa hawezi kuheshimu asichoambiwa kipo.

Ni vyema pia vifaa vyenu vitengane kuanzia leo. Laptopu yake iwe na jina lake, akaunti yake, na mtoto asifanyie kazi za shule humo. Na tafadhali, wewe na yeye msiizungumzie barua ile kwa ujumbe wa simu. Hata kama hana habari nayo, mchunguzi anayeona karani wa masjala na mwandishi wa habari katika kitanda kimoja tayari ana nadharia yake, na neno moja la mzaha litasomwa kama ushahidi.

Je, ikiwa walivunja sheria, kila walichokipata kinatupwa? Watu wengi hudhani hivyo, na naomba uondoe matumaini hayo. Kifungu cha 50(4) cha Katiba kinasema ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki utaondolewa ikiwa kuukubali kutafanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utoaji wa haki. Kuna “ikiwa” hapo, na jaji ndiye anayeipima. Tazama yaliyotokea Australia. Juni 4, 2019, polisi wa shirikisho walipekua nyumba ya mwandishi Annika Smethurst mjini Canberra kwa sababu ya habari iliyotokana na waraka wa siri, wakanakili data kutoka simu yake. Alikwenda hadi mahakama ya juu kabisa, na Aprili 2020 majaji wote saba walikubaliana kwamba kibali kilikuwa batili, kwa sababu hakikueleza kosa inavyotakiwa. Alishinda. Lakini alipoomba polisi waamriwe kuharibu kile walichonakili, majaji wanne kwa watatu walikataa. Mwezi uliofuata polisi walitangaza kwamba hatashtakiwa, ila data ilikuwa imeshatoka mikononi mwake. Ndiyo sababu nasisitiza yale maneno ya mlangoni na ile orodha: kilichochukuliwa ni kigumu kukirudisha, hata ukiwa na haki.

Kipimo hicho kimewaangukia pia wanaobeba nyaraka zilizovuja kwenda kuzitumia. Mwanaharakati Okiya Omtatah na wenzake walipopinga zabuni ya SGR, reli ya kisasa ya Kenya, wakiwa na barua za ndani za serikali, Mahakama Kuu iliziondoa barua hizo, na Juni 2023 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba ziliondolewa ipasavyo, kwa kuwa hazikupatikana kwa njia ya sheria. Nakutajia hili ingawa hujaniuliza, kwa sababu kati ya mistari yako naona kwamba zabuni ile haikukupendeza. Kama umeona wizi wa mali ya umma katika faili, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, kifungu cha 16, inamlinda anayefichua kwa manufaa ya umma, na kufichua kwa chombo cha kusimamia sheria au taasisi husika ya umma kuna nguvu zaidi kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Tume ya maadili na kupambana na ufisadi ina mlango. Upitie na wakili, na usiupitie wiki hii kabla hajasoma maelezo yako.

Nimeandika mengi, lakini mimi nimesoma barua yako tu. Sijaona simu wala faili. Mtafute wakili ana kwa ana kabla ya Ijumaa hii, hata kama hakuna aliyebisha hodi. Mwenzako wa kwanza ameshapekuliwa na mlikuwa tisa. Ukiwa huna uwezo, Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria na Kituo Cha Sheria husaidia. Ukiitwa kituoni “kuandika taarifa”, usiende peke yako. Kuitwa kama shahidi asubuhi kunaweza kugeuka ushukiwa mchana. Ukisikia jina lako linatajwa kukamatwa, wakili anaweza kuomba Mahakama Kuu dhamana ya kabla ya kukamatwa. Ukikamatwa, una haki ya kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Na upekuzi ukifanyika vibaya, chukua nambari ya OB (daftari la matukio la kituo cha polisi), kisha lalamika kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, na kwa kitengo cha polisi cha masuala ya ndani, huku wakili akiandaa ombi la kikatiba.

Kwa mama mkwe, usimjaze vifungu vya sheria. Keti naye jioni, mwambie kwa upole kwamba kazini kuna uchunguzi, kwamba hukufanya kosa, na kwamba watu wanaweza kuja. Andika kwa herufi kubwa kwenye karatasi, uibandike nyuma ya mlango, namba yako, ya mume wako na ya wakili, na chini yake sentensi moja ya kumsomea afisa: “Mimi ni mgeni wa nyumba hii, sizuii, siwezi kukubali kwa niaba ya mwenyewe, naomba kibali na mumpigie simu.” Akishaisoma, amchukue mtoto wakakae naye sebuleni mahali anapoweza kuona vyumba. Mwulize leo kama anayaona maandishi hayo vizuri bila miwani.